Uso Wangu Kwenye Chupa ya Uji

Wangari, mama yangu,

Sanduku lako nimelifunga mwenyewe, kwa hivyo sitakuandikia mambo ya sweta, wala ya kula vizuri, wala ya kutafuta kanisa. Sweta ziko chini. Kanisa utalipata au litakupata. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Gikuyu nikiandika nalia kabla sijafika mstari wa pili, na Kiingereza changu unakijua, kiliacha shule darasa la saba siku ile ile nilipoacha mimi. Lakini usilidharau hilo darasa la saba. Nyeri hii kuna watu wenye digrii ambao wamekuja kuniomba ushauri, na wengine nimewapa hata kabla hawajaomba.

Wacha nianze na linaloniuma, lisije likaniharibia barua nzima. Habari ya Kigali niliipata nje ya kanisa. Shangazi yako, Tata Njeri, alinishika mkono akasema, "Pole na hongera. Kigali si mbali siku hizi." Nikacheka kama mtu anayejua. Nikamwambia, "Si mbali kabisa. Kwani unafikiri ni nani alimtuma huko?" Nikajigamba mpaka langoni, ati binti yangu anakwenda kuongoza wataalamu wa nchi za watu, ilhali sikujua hata kama unakwenda kufundisha au kuuza viatu. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni, nikakaa huko mpaka baba yako akabisha akauliza kama maji yamepotea. Kumbe yeye alijua. Dada yako Wairimu alijua, na yuko Murang'a. Mimi niliyekuzaa, mimi niliyekuita kwa jina la mama yangu mzazi, ndiye nilikuwa wa mwisho.

Na sikukuuliza kwa nini. Nilikuja jikoni na mdomo wangu, nikasema, "Kwani ni nani huyo Mnyarwanda amekupa mimba ya kazi?" Ukacheka. Ulicheka na meno tu, macho yakabaki kwa viazi ulivyokuwa unamenya. Kicheko hicho nilikitambua, mama. Nimewahi kukisikia kwa mtu mwingine, na sikukielewa mpaka nikamzika.

Ni yeye ninayetaka kukueleza. Ulimjua kama Tata Wangeci, yule aliyekuwa akikuletea njugu kwa mfuko wa aproni. Ulikuwa shule ya bweni wakati mambo haya yalitokea, na mimi nilikupa hadithi nyingine, yenye kuchekesha zaidi.

Jioni ile ya viazi ulinieleza kazi yako. Ulisema, "Mimi sitengenezi chochote, mami. Naamua tutengeneze nini, kwa nani, na tuache nini. Halafu naongoza wale wanaotengeneza, na mimi si bosi wao." Nikakwambia hiyo si kazi, huo ni umama mkwe. Lakini nilipokuwa kitandani niliifikiria, nikaona, kumbe! Meneja wa bidhaa nimekuwa mimi, tena bila barua ya ajira. Bidhaa yangu ilikuwa uji. Yako wewe haishikiki, iko ndani ya simu, wakulima wanaibonyeza wajue maziwa yao yameenda wapi. Hata hivyo mtu ni mtu, awe anabonyeza au anakunywa.

Wakati huo hakuna aliyepika ucuru, huo uji wetu mchachu, kunishinda kutoka hapa Skuta mpaka Karatina. Uliza yeyote. Mimi na Wangeci tulianza na sufuria moja nyuma ya nyumba: unga wa wimbi na mtama, tunauacha uchachuke mpaka unanukia kama mvua ya kwanza, kisha tunapika. Wateja wetu walikuwa wanawake wa kwenda itega. Wewe unajua itega, lakini wale wa kompyuta huenda wakakuuliza, waambie: mwanamke akijifungua, wenzake hujikusanya wakaenda kumwona, kila mmoja na mzigo wake, na mzigo wa maana kuliko yote ni uji mchachu, kwa sababu huo ndio unaoleta maziwa. Zamani kila mwanamke alipika wake. Siku hizi wanawake wako maofisini, wako benki, wako shuleni wanafundisha. Saa ya kuchachusha uji wataitoa wapi? Basi walikuja kwetu jioni na mitungi yao, tunawajazia, wanaenda.

Kazi ilikua mpaka tukaongeza wanawake wengine wanne. Hapo ndipo nilianza kusifiwa. Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa, uji nikautia stroberi.

Unacheka, lakini ni kweli. Mtoto wa jirani aliuonja akasema ungekuwa mtamu na stroberi, nikaweka stroberi. Mwingine akasema ndizi, nikaweka ndizi. Kila aliyepita akifungua mdomo, mimi nilidhani ni soko linaongea. Kuna mtu wa Naro Moru alikunywa kikombe hapa akasema wapagazi wa mlima wangeupenda. Nikakodi gari nikaenda Naro Moru na mitungi, nikawagawia wale vijana bure. Wakanisifu, wakanibariki, wakaniita malkia. Nikauliza, "Sasa nilete mingapi kila wiki?" Mmoja akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, uji yako ni tamu sana. Lakini na mlima haziwezani. Nikifika juu, tumbo inataka kuteremka kabla yangu." Nilirudi Nyeri na mitungi mitupu na bila mteja hata mmoja. Na njia nzima nilikuwa nawaza nitakavyowasimulia wenzangu niliitwa malkia.

Wangeci alikuwa akisema, polepole, kwa ile sauti yake ya mtu anayeomba chumvi, "Mama Wairimu, haya mengine tuyaache. Ule wa kawaida umeanza kupungua ladha, hatuuangalii tena." Nilimsikia vizuri. Lakini alikuwa amesema ukweli tu, na mimi nilikuwa na mpango mkubwa zaidi kuliko ukweli.

Mpango ulikuwa chupa. Chupa safi, zenye lebo, na kwenye lebo picha yangu, nimevaa kitambaa cha kichwa cha rangi ya dhahabu, natabasamu kama mtu aliyeumba wimbi. Nilimlipa mpiga picha wa mjini na lebo zikachapishwa marundo kwa marundo. Siku lebo ziliponifikia niliwaita wote, nikapika chai, tukaomba, nikapandisha chupa juu ya meza.

Wanawake wakapiga makofi. Wangeci akaichukua, akaigeuza.

"Mama Wairimu," akasema, "hii picha isikae hapa."

"Kwani uso yangu iko na shida gani?"

"Uso haina shida. Lakini mtu akienda itega anapeleka uji yake. Hapeleki yako."

Mama, yote niliyokuja kujua baadaye kwa gharama kubwa yalikuwa ndani ya hayo maneno. Alikuwa amenipa bure. Mimi nikatazama wale wengine, nikaona wananingoja, na mdomo wangu ukafanya unavyofanya nikitazamwa.

"Wangeci, sema tu ulitaka tuweke uso wako," nikasema. "Shida ni kwamba tukiweka wako, watu watadhani ni dawa ya minyoo."

Walicheka, wewe! Mmoja alimwaga chai. Na Wangeci akacheka. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri, akacheka na meno tu. Kisha akasema, "Sawa, Mama Wairimu. Ni sawa."

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Tuongeze vanila? Sawa. Tupeleke supamaketi? Ni sawa. Nilidhani hatimaye nimepata timu. Niliwaambia watu kanisani kwamba kwangu hakuna ubishi, wanawake wangu tunaelewana kwa jicho tu. Mtu akikwambia hivyo kuhusu ofisi yake, binti yangu, muonee huruma na uangalie mlango uko wapi.

Wateja nao walianza kupotea, lakini unajua watu wetu. Hakuna Mnyeri atakwambia usoni kwamba hataki kitu chako. Atakwambia, "Tutaona." Atakwambia, "Nitapitia kesho, Mungu akipenda." Mimi nikarudi nyumbani nikitangaza kwamba kesho kutakuwa na wateja wengi sana.

Nilikuja kujua kwa macho yangu. Kulikuwa na itega hapa hapa karibu, kwa mke wa yule fundi wa stima, nami nilialikwa. Nikapita nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa. Karibu na bomba alikuwa ameinama msichana mmoja, mke wa mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, ana chupa yangu mkononi na kisu cha jikoni. Alikuwa anakwangua uso wangu. Nusu ya kitambaa cha dhahabu ilikuwa imeenda, na jicho moja. Akainua kichwa akaniona, akaona tena ile picha, akanitazama mimi.

"Woi, mama," akasema. "Woi, nisamehe."

"Kwangua vizuri," nikamwambia. "Umebakisha sikio."

Hakucheka. Aligeuka akatazama mlango. Akaninong'oneza, "Mama mkwe wangu ako hapo ndani. Akijua hii nimenunua, nitaambiwa mpaka nizeeke. Zamani mlikuwa mnaniwekea kwa mtungi wangu. Hakuna mtu alikuwa anajua."

Nilimsaidia kumaliza. Tulikwangua pamoja, mimi na yeye, uso wangu ukaenda na maji ya bomba. Halafu niliingia ndani nikakaa katikati ya wanawake, uji wangu ukapita kila kikombe, na yule msichana akasifiwa na mama mkwe wake mbele ya wote, nami nikasifu pia. Huo ndio ulikuwa uji. Nilidhani nauza kinywaji. Kumbe yule msichana alikuwa ananunua heshima yake jikoni kwa watu, na mimi nilikuwa nimemwibia nikaweka yangu.

Sasa ungedhani nilirudi nikatoa lebo. La. Zilikuwa zimejaa kabatini, na kila nilipozitazama zilinitabasamia. Nikasema wanawake watazoea, dunia inabadilika, lazima mtu awafundishe. Nilipozitoa, walikuwa wamepata mama mwingine sokoni, mwenye mitungi myeupe isiyo na neno, uji wake haufikii wangu hata kwa ngazi, na huko ndiko walikokwenda. Wawili kati ya wale wanne niliwaachisha kazi. Hiyo ndiyo hadithi niliyokupa ulipofunga shule, na nikaifanya ya kuchekesha, ya kisu na sikio, na sikumtaja Wangeci.

Wangeci alibaki. Alikuwa anakonda. Tulimwona wote, na mimi ndiye niliyekuwa na la kusema. "Wangeci, unakula nini? Ama unatafuta bwana mwingine, huyu wa kwanza amechoka?" Wote hahaha. Siku moja aliniambia, "Mama Wairimu, kesho sitakuja, nataka kwenda..." nami nikadakia, "Kuolewa!" Akapangusa unga mikononi. Kisha akasema, "Eh. Labda."

Alikuwa anakwenda hospitali. Alikwenda hivyo mara nyingi, nami kila mara nikamwoza kwa mtu mpya, mara dereva wa lori, mara mchungaji wa Karatina. Tulifanya kazi bega kwa bega, mikono yetu ndani ya unga mmoja, na niliambiwa na mtu wa kuuza mboga kwamba Wangeci amelazwa na hatarudi.

Nilimkuta kitandani, mdogo kama mtoto. Nilikuwa nimebeba uji kwa mtungi, hakuweza kuunywa. Nikamuuliza, na mara hii nilimuuliza kweli, "Wangeci, kwa nini hukuniambia?"

Akafikiria. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Ungefanya mzaha," akasema. "Na mimi sikuwa na nguvu ya kucheka."

Nilikaa nikamshika mguu juu ya blanketi mpaka muuguzi akanitoa. Hakukaa sana baada ya hapo. Kwa mazishi waliniomba niseme neno kama rafiki yake. Nilisimama, nikaona uso wa kila mtu umeinuka unaningoja, na ule mdomo ukafanya tena. Niliwachekesha watu juu ya kaburi lake. Walinisifu, walisema nimempa Wangeci mazishi yasiyo na huzuni. Binti yake alikuwa amesimama mbele hapo, akinitazama tu.

Siandiki haya ili unihurumie. Kuhurumiwa nimehurumiwa sana, ninajua kuomba. Naandika kwa sababu wiki iliyopita mlipokuwa mnajuana na ile timu yako mpya kwa kompyuta, mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa napanga vyombo. Nilisikia kijana mmoja akisema jambo, sikulielewa, lilikuwa la Kiingereza, lakini sauti niliielewa. Ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. Na wewe ukamjibu kitu kifupi, na wote wakacheka, na yeye akacheka pia. Halafu sikumsikia tena mpaka mkamaliza.

Ulijibu vizuri. Niliona fahari, nitakudanganya nikisema sikuona. Nilisema moyoni, huyu ni wangu kabisa. Kisha sahani ikanitoka mkononi. Uliniuliza, "Mami, ni nini?" nikasema ni sabuni.

Mtafute yule kijana. Usimtafute mbele ya watu na usimtafute na keki ya kumbembeleza. Muulize alikuwa anataka kusema nini, halafu vumilia, kwa sababu mara ya kwanza atakwambia haikuwa kitu. Huenda alichotaka kusema hakina maana, watu wenye sauti ndogo pia husema upuuzi. Lakini wewe hujui bado, na hapo ndipo hatari ilipo. Wewe ndiye utaamua wakulima watengenezewe nini, na hukuwahi kukamua ng'ombe, ulikuwa unawaogopa. Kile mkulima anachokwangua kwa kisu akiwa peke yake nyuma ya nyumba, hutakiona. Kuna mmoja kati ya hao watu wako atakuwa amekiona. Ataamua kukwambia au kutokukwambia kulingana na vile ulivyomfanyia mara ya mwisho alipofungua mdomo.

Mimi dawa kamili sina. Siku hizi tukiwa na neno la kuamua pale nyuma, mimi na wale wawili waliobaki, natoka nje kuosha mitungi na kuwapa mgongo, wanaongea, na nagundua kwamba mgongo wangu huambiwa mambo ambayo uso wangu haujawahi kuambiwa. Kwanza niliona ni aibu. Lakini uji umerudi kuwa uji. Wateja ni wachache, na mke wa mwalimu ni mmoja wao.

Basi nimefika kwa lile nililolizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nimekaa na lile swali ambalo sikukuuliza, na jibu nimelipata nusu. Habari ya kwenda kwako niliipata nje ya kanisa kwa sababu uliniogopa. Si kiboko, hiyo niliacha. Uliogopa kwamba utaniletea kitu kikubwa na kizito cha maisha yako, nami nitakigeuza kichekesho kabla hujakiweka chini. Na nilipokuja jikoni, nilionyesha kwamba ulikuwa sahihi. Labda kuna mambo mengine. Labda kuna miaka ya mambo, kutoka shule ya bweni mpaka leo, ambayo baba yako anayajua na mimi niliyachekea.

Hiyo nusu nyingine sina njia ya kuijua bila wewe.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuificha ndani ya sanduku, katikati ya sweta, uikute ukiwa Kigali. Nilifurahia sana huo mpango, nikaona utalia, utaisoma mara mbili, utawaonyesha wenzako jinsi mama yako anavyoandika. Sasa hivi nimeona ni ujanja ule ule. Ningekuwa nimesema peke yangu kurasa hizi zote na nimekuacha mahali ambapo huwezi kunijibu.

Kwa hivyo siiweki kwa sanduku. Taa yako naiona bado inawaka. Naipitisha chini ya mlango, kisha nitaketi hapa kwenye korido, kwa kile kiti cha kufungia viatu. Ukifungua, sema lolote, hata kama ni baya, hata kama ni la kunihusu. Nimefunga mdomo.

Mama yako,
ambaye wewe ni mama yake.